Kaimu Mfumo na Tairi la Namtepa

Nchi yenyewe sitaitaja. Kuitaja kunahitaji kibali, na fomu za kuomba kibali ziliisha tangu mwaka juzi. Inatosha kusema kwamba ni nchi yenye milima, mito, na idara za serikali mia moja na nne, na kwamba mimi, Bakili Nambunga, nilifanya kazi katika mojawapo kwa miaka thelathini na moja. Ilikuwa Idara ya Ununuzi Mdogo Mdogo. Nilikuwa karani wa masjala. Shule niliishia darasa la saba. Uhasibu nilijifunza kwa kusoma mafaili ya watu waliostaafu, moja baada ya jingine, kwa mpangilio wa rafu.

Zamani, ombi lolote la ununuzi lilipita meza kumi na moja. Meza ya kwanza iliweka sahihi kuthibitisha kwamba ombi lipo. Meza ya pili iliweka sahihi kuthibitisha kwamba sahihi ya kwanza ipo. Tuliendelea hivyo hadi ya kumi na moja, ambayo ilikuwa ya Mkurugenzi, na yeye alithibitisha kwamba amechoka. Boksi la chaki lilichukua miezi minne. Walimu hawakulalamika. Walikuwa wameshazoea kuomba mwaka huu chaki ya mwaka ujao.

Kisha ukaja Mfumo.

Jina lake kamili lilijaza mistari miwili na nusu ya barua, kwa hiyo sote tulisema Mfumo tu. Kwa macho lilikuwa kasha la chuma lenye ukubwa wa kabati la vyombo, na taa ndogo za kijani zilizokonyeza. Waziri alikuja mwenyewe kuuzindua, Mheshimiwa Daktari Kanali Mstaafu Zefania Mtitu.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo hakuna mkono wa mtu utakaogusa fedha ya umma!"

Watu walipiga makofi kwa mikono hiyo hiyo.

"Mfumo hauna shemeji. Mfumo hauna njaa. Mfumo hauendi msibani. Na ninasema mbele ya kamera hizi: Mfumo haukosei! Atakayesema Mfumo umekosea, basi huyo ndiye aliyekosea!"

Akakata utepe. Kwa kuwa utepe ulikuwa umefungwa pamoja na waya wa umeme, vilikatika vyote viwili, na Mfumo haukuanza kazi hadi Jumatano, waya ulipoungwa.

*

Jumatano hiyo, saa tatu asubuhi, Mfumo ulipokea ombi la boksi moja la chaki na kulilipa kwa sekunde nne.

Mkurugenzi wetu, Bwana Yustino Ligola, aliitisha kikao cha dharura. Alikuwa mtu mpole, lakini siku hiyo alivua koti.

"Sekunde nne?"

"Nne, Mkurugenzi," alijibu fundi wa kompyuta. "Ya tano ilikuwa ya kuchapa risiti."

"Nani aliona?"

"Hakuna aliyewahi kuona."

"Sasa wale wa meza ya pili hadi ya kumi watafanya nini kuanzia saa tatu na sekunde nne?"

Swali hilo lilikuwa zito. Ndipo Mwanasheria wa Idara, Bi. Melania, alipofungua kitabu cha Kanuni. Bi. Melania alikuwa haongei bila kitabu. Hata ukimuuliza kama amekunywa chai, kwanza atafungua.

"Kanuni ya kumi na saba," alisoma. "Malipo yote yataidhinishwa na mtumishi wa umma aliyeajiriwa, aliyepimwa afya na kula kiapo. Naomba kuuliza. Mfumo umeajiriwa?"

"Umenunuliwa," alisema fundi.

"Basi lile boksi la chaki limelipwa na fanicha."

Mtu mmoja alipendekeza tuurudishe kwa muuzaji, lakini Waziri alikuwa ameshapiga nao picha. Njia ikabaki moja. Tuuajiri.

*

Nitaeleza kwa mpangilio, maana wengine wamesimulia jambo hili kwa haraka na likaonekana la kuchekesha.

Sheria ya ajira ilitaka nafasi itangazwe na usaili uwe na waombaji wasiopungua watatu. Tulitangaza. Waliofika mbele ya jopo ni Mfumo, mashine ya kutolea kopi ya ghorofa ya kwanza, na birika la umeme la ofisi ya Mkurugenzi. Birika liliondolewa mapema kwa sababu lilichemka kabla ya kuulizwa swali. Mashine ya kopi ilipata alama hamsini na nane. Jopo lilisifu uzoefu wake wa miaka tisa, ila lilisikitika kwamba kila jibu ililirudia mara tatu. Mfumo ulipata sitini na moja. Ulishinda kwa haki.

Daktari wa serikali aliupima akaandika: "Presha hana. Mapigo ya moyo ni ya kijani, moja kila sekunde. Anafaa kwa kazi ya kukaa." Kiapo kililiwa kwa kuweka kipanya cha kompyuta juu ya Katiba.

Tatizo lilikuja kwenye umri. Mfumo ulikuwa na wiki tatu tangu ufike nchini, na sheria inakataza kuajiri watoto. Ikabidi iandikwe hati ya kiapo ya kuzaliwa, kama inavyofanywa na watu wengi wasio na cheti, ikisema kwamba Mfumo una miaka ishirini na mitano. Hati inataka ndugu mtu mzima atakayeapa kwamba alikuwepo wakati wa kuzaliwa. Waliangaliana, kisha wakaniangalia mimi, kwa sababu nilikuwa mkubwa kwa umri na mwandiko wangu unasomeka.

Niliuliza kama ni halali.

"Mzee Bakili," alisema Bi. Melania kwa upole, "swali la halali linajibiwa baada ya hati kuwepo. Kabla ya hati, hakuna cha kuuliza."

Nilisaini. Mahali pa kuzaliwa niliandika kijiji changu, Mikoroshoni, maana ndicho ninachokijua. Ndivyo nilivyokuwa mjomba wa Mfumo.

Vijana wa ofisini walifurahi sana. Mtandao ulipokatika walipiga kelele kwenye korido: "Mjomba! Njoo umseme mpwa wako, amenuna tena!"

*

Miezi kumi na moja ilikwenda vizuri. Mfumo ulilipa, wale wa meza ya pili hadi ya kumi walipangiwa kazi ya kuutazama ukilipa, na kila mtu alipata posho ya macho.

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili tulikuta maandishi kwenye kioo: MTUMISHI HUYU YUKO LIKIZO YA MWAKA. SIKU 28.

"Nani kaupa likizo?" Mkurugenzi aliuliza.

"Umejipa wenyewe, Mkurugenzi," alisema fundi. "Tuliuingiza kwenye orodha ya watumishi. Ulipokagua nani hajaenda likizo, ulijikuta."

"Uamshe."

"Chama cha Wafanyakazi kimeshaleta barua. Wanasema likizo ni haki. Halafu umejilipa na nauli ya kwenda kwao, wenyewe, mwenza na wategemezi wanne."

"Mwenza nani?"

"Printa."

Kwao, kwa mujibu wa hati, ilikuwa Mikoroshoni. Gari la idara liliondoka na kasha, printa, na kompyuta nne za ghorofa ya pili, zikiwa zimefungwa mikanda ya usalama. Siku ya pili dada yangu alinipigia simu.

"Kaka, huyu mpwa wako kafika. Hali, haongei, na umeme hapa unajua haupo. Nimemfunika kanga asiingiwe na vumbi."

"Umefanya vyema, dada."

"Na hawa watoto wake wanne wamekaa ukutani wananitazama tu. Hawana hata salamu."

Nilimwomba awavumilie.

*

Mtumishi akienda likizo, lazima awepo anayekaimu. Hilo liko kwenye Kanuni, na mimi sina ugomvi nalo. Anayekaimu awe anafanana na mwenye nafasi kwa sifa au kwa damu. Kwa sifa hapakuwa na mtu. Kwa damu, nilikuwa mimi.

Barua yangu ya uteuzi ilikuwa na kurasa kumi na mbili. Ilisema kwamba kwa siku ishirini na nane sitakuwa Bakili Nambunga bali Kaimu Mfumo. Nitakaa nyuma ya kioo chenye tundu. Nitafuata orodha ya vifaa, kurasa tisini na tatu, na kisichokuwemo hakipo duniani. Nitasema sentensi tisa tu, zile zile zinazosemwa na Mfumo, kama vile *Tafadhali subiri*, na *Taarifa uliyoingiza haitambuliki*, na *Ombi limekubaliwa*. Nikiwa nafikiri, nitazungusha kidole hewani kwa duara, ili mteja ajue kwamba sijazimika. Mteja akinyamaza kwa dakika moja, nitasahau yote aliyosema na kumwambia: *Muda wako umekwisha. Anza upya.*

Siku ya kwanza nilizungusha kidole hadi bega likavimba. Lakini foleni ilikwenda. Watu walisema Mfumo mpya ni mzuri kuliko ule wa zamani kwa sababu huu unapepesa macho.

*

Siku ya nne alikuja Bi. Sikudhani.

Alikuwa muuguzi wa Zahanati ya Namtepa, ambako ni safari ya siku mbili. Mwanamke wa makamo, mfupi, viatu vyeupe vilivyogeuka rangi ya njia. Aliinama kidogo mbele ya tundu.

"Shikamoo, baba."

Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka. Kati ya zile sentensi tisa, kuitikia salamu hakumo.

"Taarifa uliyoingiza haitambuliki," nilisema.

Alinitazama kama aliyemwagiwa maji. "Baba, nimekuamkia."

"Jaribu tena."

"Mama, Mfumo hauamkiwi!" mtu mmoja alisema kutoka nyuma, mwanamume mrefu aliyekuja kuombea shule yake kengele. "Wewe sema shida yako, na sisi tufike."

Akasema shida yake. Gari la wagonjwa la Namtepa lilikuwa na matairi matatu na kisiki. Tairi la nne lilipasuka miezi sita iliyopita. Hospitali ya wilaya iko kilomita sitini, juu ya mlima na kushuka upande wa pili. Mwezi uliopita walimbeba mama mmoja kwa kitanda. Mama alipona. Mtoto hakupona.

"Sasa ninaye mwingine, Zabibu. Mapacha, na mmoja amelala kiubavu. Hawezi kujifungulia kwangu, baba. Imebaki kama wiki tano. Nataka tairi moja. Moja tu."

Nilizungusha kidole. Nilipekua orodha. Ukurasa wa arobaini: *Gari la wagonjwa, tairi, seti ya manne.* Moja haikuwemo.

"Kiasi ulichoingiza si sahihi," nilisema.

"Basi nipe manne."

Fungu la zahanati yake lilitosha tairi moja na robo.

"Kiasi ulichoingiza si sahihi."

"Moja ni kidogo, manne ni mengi. Baba, unataka nini?"

Hilo nalo halikuwa na sentensi. Alinyamaza akiniangalia, nami nikaangalia saa ukutani ikimaliza dakika yake.

"Muda wako umekwisha," nilisema. "Anza upya."

*

Alilala kwa shangazi yake mjini na kurudi kesho yake, na keshokutwa. Kila asubuhi alinipa shikamoo, kwa sauti ile ile. Siku ya tatu ilinitoka.

"Marahaba, mwanangu."

Foleni nzima ilishtuka. "Mfumo umeitika!" mwenye kengele alipaza sauti. "Jamani, umeharibika!"

Fundi alikuja mbio na kisanduku chake. Alinichungulia kupitia tundu, akaandika "hitilafu ya salamu," kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, samahani, utaratibu ni kuzima na kuwasha." Nikatoka nje, nikakaa kwenye benchi na kufumba macho dakika kumi. Nilirudi. Fundi akaijaribu kazi yake.

"Shikamoo!"

"Taarifa uliyoingiza haitambuliki," nilisema.

"Amepona," fundi alitangaza.

Lakini katika zile dakika kumi nilikuwa nimefikiri. Nilikuwa nimesoma kurasa zote tisini na tatu, kwa sababu nikipewa kitabu husoma. Nilijua kwamba katika kurasa hizo kilikuwepo chombo kimoja tu ambacho tairi lake linaombwa moja moja. Tatizo lilikuwa kumwambia. Sentensi tisa zilikuwa tisa.

Orodha ilikuwa imebandikwa pia kwenye kioo, upande wa wateja, ukurasa kwa ukurasa. Na waraka wangu ulisema nizungushe kidole, haukusema wapi. Bi. Sikudhani aliposogea tena, nilisema "Tafadhali subiri," nikaweka kidole kwenye kioo, na nikazungusha duara mahali pamoja. Duara, duara, duara.

Alitazama kidole. Akaangalia upande wake.

"Toroli?"

"Tafadhali subiri." Duara.

"Baba, mimi sina toroli. Nina gari lenye..." Akaacha. Alinitazama usoni kwa muda, kisha akaanza kucheka kimya kimya, mabega yakitikisika.

"Mama, andika toroli twende nyumbani!" mwenye kengele alisema.

Akachukua fomu. Aina ya chombo: toroli. Idadi ya matairi yanayoombwa: moja. Uwezo wa kubeba: tani moja na nusu. Rangi: nyeupe. Maelezo mengine: lina king'ora.

Nililisoma ombi neno kwa neno. Kila kilichoandikwa kilikuwa kwenye orodha, isipokuwa king'ora, na maelezo mengine hayakaguliwi.

"Ombi limekubaliwa," nilisema. Nilijitahidi iwe ndani ya sekunde nne.

*

Tairi lilifika Namtepa siku ya kumi na tisa. Siku ya ishirini na tisa Mfumo ulirejea kutoka likizo, una vumbi kidogo lakini umepumzika, na ukaanza kwa kupitia kazi zilizofanywa na kaimu wake. Ulifika kwenye toroli la Namtepa.

Ulifanya ambacho mtumishi yeyote makini angefanya. Ulifuta fungu la mafuta, kwa kuwa toroli halitumii mafuta. Ulimhamisha dereva kwenda kituo kingine, kwa kuwa toroli halina dereva. Na uliipa zahanati haki zote za toroli, kwa barua.

Bi. Sikudhani alipiga simu idarani. Mkurugenzi akaitisha kikao, na mimi nikaomba ruhusa ya kusema.

"Mkurugenzi, kosa ni langu. Lile ni gari la wagonjwa. Nililipitisha kama toroli nikijua. Naomba nihukumiwe mimi, gari lirudishiwe mafuta. Kuna mama anakaribia kujifungua."

Bwana Ligola alisikitika kweli. Nilimwona. Akamgeukia Bi. Melania, naye akafungua kitabu.

"Tarehe ya kupitisha ombi, mezani alikuwa nani?"

"Nilikuwa mimi," nilisema.

"Kwa mujibu wa barua ya uteuzi, wewe hukuwepo. Alikuwepo Kaimu Mfumo. Kaimu ana mamlaka yote ya mwenye nafasi. Kwa hiyo aliyepitisha ni Mfumo."

"Basi Mfumo ulikosea," Mkurugenzi alisema, kisha akajiziba mdomo.

Sote tulikumbuka maneno ya Waziri. Mtu mmoja alikwenda kufunga dirisha.

"Tuna mambo mawili," Bi. Melania aliendelea taratibu. "Ama Mfumo umekosea, jambo ambalo limetangazwa kuwa haliwezekani. Ama chombo kile ni toroli."

Ilipigwa kura. Kura kumi na nne zilisema ni toroli. Moja iliharibika, aliyeipiga alikuwa amechora gari.

Nilidhani yameisha, lakini Bi. Melania alikuwa bado hajafunga kitabu. Kwa kuwa imethibitika kwamba kwa siku ishirini na nane Bakili Nambunga hakuwepo ofisini, aliomba nieleze nilikuwa wapi. Nilieleza kwamba nilikuwa hapo hapo. Hilo haliwezekani, alisema, kwani kiti kilikuwa na mtu. Nikaandikiwa barua ya kustaafishwa kwa utoro. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha nzuri, na tarehe zote zilikuwa sahihi.

*

Nilikuwa nafungasha vitu vyangu kwenye boksi simu ilipolia. Ilikuwa saa mbili asubuhi; namba yangu nilikuwa nimempa Bi. Sikudhani alipopiga idarani.

"Baba, Zabibu kaanza uchungu," Bi. Sikudhani alisema. "Tangu alfajiri. Tairi ninalo, mafuta sina tone."

"Dereva je?"

"Yupo. Alihamishwa, lakini gari la kumhamisha ni hili hili."

Niliketi kwenye boksi. "Ile barua ya haki za toroli unayo? Nisomee."

"Jozi mbili za glovu. Filimbi moja. Na posho ya wasukumaji wawili, kwa kilomita, na penye mlima ni mara tatu."

Nilipiga hesabu nyuma ya barua yangu ya kustaafishwa. Kilomita sitini, arobaini zikiwa za mlima, watu wawili. Nilirudia mara mbili kwa sababu sikuamini.

"Bi. Sikudhani, hiyo inajaza tangi na kubaki. Mfumo umesharudi kazini, unapokea kwa simu; ingiza majina mawili kwa simu ya zahanati sasa hivi."

"Nimeingiza tangu saa kumi na mbili! Kila jina linagoma, eti mtu mmoja halipwi kwa kazi mbili. Mwenyekiti wa kijiji, tayari yumo, ni mkulima. Mlinzi, tayari yumo, mvuvi. Hata mume wa Zabibu yumo, wamemwandika kikundi cha kina mama. Namtepa nzima imo! Nitawapata wapi watu wawili ambao Mfumo haujawahi kuwasikia?"

Nyuma yake nilimsikia Zabibu akiguna kwa sauti ya chini, ya mtu anayebana meno. Kisha sauti ya mama mkwe: "Vumilia, mwanangu, vumilia, wanatafuta watu."

Sijui kama nilichosema kilikuwa sahihi. Nimelifikiria mara nyingi tangu siku hiyo, na bado sijamaliza.

"Hao mapacha," nilisema, "wana majina?"

"Baba naye! Mapacha wanatafutiwa majina? Kulwa na Doto, wawe wa kike, wawe wa kiume..." Akanyamaza. Safari hii sikuhesabu dakika. Nilisikia vitufe vikibonyezwa, kimoja kimoja.

"Imesema nini?" niliuliza.

"Tafadhali subiri," alisema. Halafu akapiga ukelele hadi nikaondoa simu sikioni. "Limekubaliwa! Fedha imeingia kwenye simu ya zahanati! Dereva! Wee dereva, kimbia na dumu!"

Sekunde nne. Lazima niseme ukweli, Mfumo ulikuwa mashine nzuri sana.

*

Walifika hospitali ya wilaya saa tano kasoro dakika kumi, king'ora kikilia njia nzima. Kulwa alitoka mwenyewe. Doto, yule aliyelala kiubavu, daktari alimtoa kwa upasuaji. Wote wawili wa kike, na wote wawili walilia.

Mwisho wa mwezi Mfumo ulimtolea Waziri taarifa ya nchi nzima. Mheshimiwa alisoma kwamba toroli la Namtepa, likiwa na mzigo wa watu watano, lilisukumwa kilomita sitini kupanda na kushuka mlima kwa saa moja na dakika ishirini. Wasukumaji: Kulwa na Doto. Umri: haukujazwa.

Alihutubia taifa jioni hiyo hiyo. "Wako wanaosema vijana wetu ni wavivu," alisema, na sauti yake ilikatika kwa hisia. "Wakaulize Namtepa!"

Barua ilifika zahanati baada ya siku nne. Kulwa na Doto walikuwa wametunukiwa nishani ya daraja la pili na kuteuliwa katika timu ya taifa ya riadha. Waliombwa kujaza namba za viatu. Bi. Sikudhani alinipigia kuniuliza aandike nini, nikamwambia aandike ukweli, apime kwa rula. Akapima, akaandika sentimita saba na nusu, wote wawili. Mfumo ulijibu kwamba kiasi alichoingiza si sahihi, na ukajaza wenyewe.

Viatu vimeshafika, jozi mbili, namba arobaini na mbili, vyekundu, vyenye meno chini. Zabibu amevifunga kwenye kitambaa na kuviweka juu ya kabati. Anasema amesoma barua yote, mbele na nyuma, na hakuna mahali palipoandikwa mbio zenyewe ni mwaka gani.